Beji za Yueh-o

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo katika milima ya Nantou, na asubuhi ya siku ya nne kipande cha mlima kikaporomokea barabara. Upande wa pili wa kifusi gari la wagonjwa lilikuwa linapiga king'ora. Upande huu bibi Lai, jirani wa mzee Chien Huo-wang, alikuwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, kifua kimembana, midomo imebadilika rangi.

Katapila la barabara lilikuwepo palepale. Dereva wake ndiye hakuwepo, amekwama mjini.

"Ufunguo ninao," alisema Kuo, msimamizi wa barabara, "lakini simpi mtu asiye na cheti. Akiliangusha bondeni, nitasema nini?"

"Nipe mimi," ikasema sauti nyuma ya Chien.

Chien aligeuka. Alikuwa mkewe, Yueh-o, na kofia yake ya kuchumia chai.

"Wewe mwanamke, huu si wakati wa mzaha!"

Yueh-o alimpita. Alitoa simu na kumwonyesha Kuo picha ndogo ya duara, ya kijani, beji ya mafunzo. Kuo akaimulika kwa simu yake, maelezo yakafunguka, akasoma kwa sauti huku macho yakimtoka: "Hsiao Yueh-o. Uendeshaji wa katapila. Saa themanini na nne za mafunzo. Amefaulu mtihani wa serikali mwezi Machi." Akamtazama Chien. "Mzee, hukutuambia!"

Chien alimsogelea mkewe. Miaka arobaini na moja ya ndoa!

"Si ulisema unakwenda kwaya ya hekaluni?" aliuliza.

"Kwaya na sauti hii? Na wewe ukaamini!" Alikuwa tayari anapanda katapila, ufunguo mkononi. "Nilipokuambia nataka kujifunza kuendesha gari, ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Nikaona basi, cha pili sikuambii."

Mkono wa chuma ukainuka, ukachota tope, ukageuka taratibu, ukamwaga bondeni. Chien alisimama kwenye matope kama mtu aliyepigwa kofi. Watu walikuwa wanapiga makofi. Yeye mikono ilikataa. Baada ya saa moja na nusu njia ilipatikana, wahudumu wakavuka na machela, na bibi Lai akachukuliwa akiwa hai.

Nyumbani, Yueh-o alilala kitini, viatu vikiwa bado miguuni. Simu ilikuwa wazi mezani, na beji zilikuwa saba. Chien akazipitia moja moja. Huduma ya kwanza. Kurekebisha pampu. Kwenye ya tano akasimama: "Kumhudumia mgonjwa wa kiharusi, saa arobaini." Tarehe ilikuwa ya majira yale ya baridi Chien mwenyewe alipopigwa na kiharusi, akawa hawezi kushika hata kijiko. Alidhani mkewe anajua tu kuuguza, kama wanawake wote wanavyojua.

Aliisogeza simu pembeni. Kisha akainama, akaanza kumvua viatu, polepole asimwamshe.