Umbali wa Kumwona Rhodalyn

"Ona," alisema Nang Ludi, akaiweka simu mezani na kuitanua picha kwa vidole viwili. "Naivuta hivi, inakua. Wewe una mashine ndefu kama kitanda, unashindwa nini?"

Eufronio, mchapaji wa mabango ya turubai, alivaa miwani. Katika kioo cha simu, uso wa msichana ulitanuka, ukalegea, ukageuka ukungu wenye meno.

"Inakua, Nang, lakini haiongezeki. Ni kama uji wa mchele. Ukitia maji sufuria itajaa, ila mchele ni uleule."

"Kwa hiyo mwanangu ni uji."

"Picha yako ndiyo uji."

Rhodalyn alikuwa amefaulu mtihani wa taifa wa wakunga, wa kwanza katika safu nzima ya nyumba za kando ya mto. Na katika mji wa Bulawihan, mtu hahesabiwi kuwa amefaulu mpaka uso wake utundikwe njiani kwenye turubai la futi nane kwa kumi, jina chini, hongera juu. Baadaye turubai hupata kazi nyingine. Mhandisi wa mwaka juzi sasa alikinga mvua kwenye banda la nguruwe. Mfamasia alianikiwa mpunga mgongoni. Na wenyewe walipita wakajitazama bila kinyongo. Miaka yote hiyo Nang Ludi alikaa kwenye meza yake karibu na daraja, akiuza ibos, wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mnazi, na kuwatazama watoto wa wenzake wakipepea.

Leo ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi Rhodalyn angerudi kutoka kisiwani alikokuwa akijitolea, kisiwa kisicho na mtandao. Hakujua lolote kuhusu turubai. Mama yake alitaka alikute tu.

Tatizo lilikuwa picha. Ilipigwa kwa simu ya binamu, Rhodalyn akiwa na sare nyeupe, akicheka, na simu hiyo ilikuwa imezama mtoni na kila kilichokuwamo. Kilichosalia ni nakala ambayo binamu alimtumia shangazi, shangazi akamtumia jirani, jirani akamtumia Nang Ludi. Na katika kila safari hiyo picha ilikamuliwa kidogo. Eufronio alizihesabu nukta za rangi zilizoiunda: mia nne na themanini kwa upana, mia sita kwa urefu. Zikitandazwa katika futi nane, kila inchi ingepata nukta tano. Yeye hakukubali chini ya sabini. Kwenye pembe ya kila turubai aliandika jina lake kwa herufi ndogo kama sisimizi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kutoa uso uliokatika vipande vya mraba kama vigae.

"Kwa nukta hizi," alisema taratibu, "naweza kukupa ukubwa wa daftari."

"Daftari? Nimtundike mtu njiani awe na ukubwa wa daftari? Mtoto wa Consing alifeli mara mbili kwanza, na bado akapata futi kumi."

"Mtoto wa Consing aliletwa na picha nzuri."

Nang Ludi aliifuta simu kwa upindo wa sketi, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. "Basi weka jina tu," alisema. "Nafasi ya uso iache nyeupe. Watamjua kwa jina."

Eufronio angeweza kubishana na hasira. Upole ule ulimshinda. Aliihamishia picha kwenye kompyuta, akaikuza mpaka vigae vikaonekana wazi, kahawia na nyeupe. Kisha akatoka kwenda kwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara kuomba maji ya kunywa. Alipogeuka, bilauri mkononi, msichana wa kwenye kompyuta alikuwa anamchekea kutoka ndani ya duka lake.

Alisimama palepale. Kabla ya mashine alikuwa mchoraji. Miaka ishirini alipanda jukwaa la mianzi mbele ya jumba la sinema, akichora nyuso ambazo jicho moja lilikuwa kubwa kama karai. Ukiwa juu ya mianzi, kope ilikuwa bakora ya kijani na zambarau isiyo na maana. Maana ilikuwa ng'ambo ya barabara, alikosimama mwenye sinema akimpigia kelele aongeze weupe. Mashine ilimfundisha kupima nyuso kwa rula, pua ikigusa kioo, naye akaisahau barabara.

"Nang Ludi," aliita. "Tazama kompyuta, kisha rudi kinyumenyume. Njoo mpaka hapa nilipo."

Alirudi, mkono mmoja nyuma ukipapasa hewa. Pikipiki yenye kigari ubavuni ilifunga breki, na dereva akapaza sauti.

"Nang, hiyo ngoma gani unacheza?"

"Pita. Namtafuta mwanangu."

Alipofika kwenye nguzo ya kinyozi, alisimama. Kinyozi ndiye aliyesema, wembe ukining'inia hewani: "Huyo si Rhodalyn?"

Kilichobaki kilikuwa ugomvi wa mahali. Mama alitaka mlangoni kwake. Lakini mbele ya mlango ule palikuwa na hatua nne tu, kisha ukuta wa jirani. Eufronio alitaka ng'ambo ya mto, kwenye ukuta wa kinu cha zamani cha mpunga.

"Ng'ambo? Ili wamfaidi watu wa kule?"

"Wa kule hawatamwona. Watakuwa karibu mno. Mtamwona ninyi wa huku, na wewe hapo mezani kwako, kutwa."

"Kutwa," alirudia Nang Ludi, akilionja neno. Kisha akamkazia macho. "Na jina lako utaliweka? Wa kinuni wataona vigae, waulize ni kazi ya nani."

Eufronio alifikiri. "Nitaliweka," alisema. "Kubwa kidogo."

Jumapili, Rhodalyn aliposhuka garini na mkoba wake, amevaa blauzi ya njano, mama alimshika mabega akamgeuza kuuelekea mto.

Msichana alifunika mdomo. "Nanay, mbona meno yote yale?"

"Ni yako. Nimeyalisha mimi."

Akacheka, akaangusha mkoba, akakimbilia daraja ili akajione vizuri zaidi.

"Akifika pale atajipoteza," alisema Eufronio, aliyekuwa amekaribishwa ibos.

"Mwache."

Walimtazama akivuka, akipungua. Alifika chini ya ukuta, akainua shingo, akaweka kiganja juu ya kigae kimoja cheupe ambacho huenda kilikuwa jino. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akitafuta. Mwishowe akageuka kuutazama mto.

Nang Ludi alisimama, jani la ibos likiwa limefunguliwa nusu mkononi. Ng'ambo, mwanawe alikuwa anacheka kwa futi kumi, kila kope mahali pake. Na chini ya kidevu kile kikubwa ilikuwapo nukta moja ya njano, isiyo na uso, ikipunga mkono.