Arbuni ya Nyumba ya Don Eparquio

Jumapili walipokwenda kupima madirisha ya nyumba waliyokwisha kuilipia arbuni, kwa ajili ya mapazia, Edilsa aliona viatu vya bintiye, Yulieth, vinampwaya. Asubuhi kanisani viatu hivyohivyo vilikuwa vinambana. Akatazama sketi yake. Pindo lilikuwa limeshuka chini ya magoti.

Don Eparquio, mwenye nyumba, alikuwa barazani anakunywa kahawa.

“Nyumba hii hupunguza kidogo,” alisema, kama mtu anayetaja bati linalovuja. “Watoto tu. Sisi wakubwa haituwezi.”

“Mbona hukusema, mzee?” aliuliza Nerio, mumewe Edilsa.

“Hukuuliza, kijana wangu. Uliuliza maji na umeme.”

Jikoni, rafuni, kati ya chumvi na mkebe wa kahawa, dada yake Don Eparquio alikuwa amejilaza juu ya kitambaa. Alizaliwa humo na hajawahi kuhama. “Karibuni, jamani,” alisema kwa sauti nyembamba. “Hapa pana upepo mzuri.” Nerio akaitikia kwa adabu.

Edilsa alimnyanyua mtoto akatoka mbio. Njiani alimhisi anazidi kuwa mwepesi mikononi. Walipofika getini, meno mawili ya mbele yaliyokuwa yameng'oka kabla ya Pasaka yalikuwa yamerudi mahali pake, madogo, meupe. Edilsa hakulia. Aliendelea kukimbia.

“Tukijitoa, arbuni imekwenda,” Nerio alisema walipofika kwao. Arbuni ilikuwa imemeza akiba yao yote na pikipiki yake. “Tutazeeka tunapanga nyumba za watu, Edilsa.”

“Tuzeeke. Mimi nataka na huyu naye azeeke.”

Nerio alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala akinyonya kidole, tabia aliyokwisha kuiacha. “Basi tujitoe,” alisema.

Wakili wa mjini Ciénaga aliusoma mkataba mara mbili. Ulitaja mipaka, paa na kodi. Mnunuzi akighairi, arbuni hairudi.

“Na kimo cha mwanangu?” aliuliza Edilsa.

“Hicho hakikuandikwa, mama.”

Yulieth alirudishwa chekechea. Kimo chake hakikurudi, na jina lake akaanza tena kulitamka kwa kitembe. Don Eparquio alipaka nyumba rangi mpya ya samawati.

Asubuhi moja, akipita mtaa ule na beseni lake la mikate ya muhogo ya kuuza, Edilsa alimwona mwanamke kijana anatoka kwenye geti la nyumba ile ya samawati, ameshika tumbo. Gauni la mjamzito lilimlegea kwa mbele.

“Ya miezi mingapi hiyo, dada?”

“Nilidhani saba. Jana daktari kaniambia mitano, eti nilihesabu vibaya.”

Edilsa aliliweka beseni chini. “Usiingie tena humo ndani.”

Mwanamke aliligeukia geti. Akapapasa tumbo, juu, kisha chini zaidi.

“Tumeshalipa arbuni, mama,” alisema. Akanunua mikate miwili, akarudi ndani.