Bi Kipimo na Mdogo Wake
Jana alasiri nilijitupa kitandani na viatu vyangu, roho imenichafuka. Kwenye mazoezi ya puli, ule mchezo wa fimbo na mipira mezani, nilikuwa nimeukosa mpira mweusi uliokaa mdomoni kabisa mwa shimo, baada ya kuinama, kuinuka na kuinama tena, nikichora mistari hewani hadi watu wakavunjika mbavu. Nahodha wetu, Makwaya, hakucheka. Aliniambia fainali ni kesho, na nikimletea tena upimaji wangu wa viwanja, nafasi yangu anampa mwingine, mimi nibaki kushika chaki. Nikalala nimenuna.

Mara nikajiona natembea katika nchi ya kitambaa cha kijani, pana isiyo na ukingo, vumbi la chaki likinidondokea mabegani. Njiani alikaa Kiburi, akijisifia fimbo ya dhahabu ambayo hajawahi kuipigia mpira, na ubavuni pake Pupa, ambaye alishapiga kabla ya kuuliza ni zamu ya nani. Nikawapita. Mbele nikamkuta mama mrefu mwenye kamba mkononi, akasema yeye ni Kipimo. Akanionyesha, bila haraka, mahali mpira mweupe unapopaswa kuugusa mweusi, nami nikaona ni kweli tupu. Lakini nilipoinama kupiga, ile kamba ikanizonga mikono. Hasira zikanipanda. Nikamwambia ndiye aliyeniaibisha mbele za watu, na heri nimfuate mdogo wake, Hisia, ambaye nilisikia hapimi kitu.

Hisia alikuwa nyuma yangu, msichana aliyefumba macho, viganja vina sugu, kiunoni amejifunga kipande cha kamba ileile, kimechakaa hadi kimelainika.

"Nani kakwambia sipimi?" akasema. "Nimepima na dada mpaka nikasahau kuhesabu."

Kipimo akanishika bega. "Ukiwa umesimama, mwanangu, niulize utakavyo. Ukishainama, mimi nimeondoka. Usinivute."

Akaenda kweli, nami nikaogopa mno. Nikainama peke yangu, nikapiga. Niliposikia mpira ukidondoka shimoni, nikashtuka usingizini.

Jua lilikuwa bado dirishani, viatu bado miguuni. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote hesabu yangu ilikuwa sawa. Kosa ni kuendelea kuhesabu wakati mkono unangoja nafasi yake. Nikautazama mkono wa kushoto: umetulia juu ya godoro, vidole vimetanuka, tayari kubeba fimbo. Kwa mara ya kwanza, sikuurekebisha.