Lalamiko la Cherehani, Chumba Namba Nne

Likizo hii nilimpeleka Mama, pamoja na mdogo wangu wa kiume, kuiona nyumba tuliyokulia. Siku hizi ni ofisi ya umma. Nilijua, ila nilidhani watatuacha tuchungulie dakika tano tuondoke.

"Mna shida gani?" mlinzi akauliza.

"Hatuna shida. Nimezaliwa humu."

"Kuzaliwa ni vyeti, chumba namba mbili."

"Sitaki cheti. Nataka kuona chumba cha wazazi wangu, kile cha mwisho kulia."

"Hicho ni Malalamiko. Bila lalamiko huingii, dada. Hata mimi siingii."

Mdogo wangu akacheka. Tunamwita Mnyonge kwa sababu alizaliwa na kilo mbili. Sasa ana mia na kumi, na bado Mama humchagulia kiti chenye mto.

Kicheko kile ndicho kilichonichokoza. "Lalamiko ninalo," nikasema, nikachukua namba.

Afisa alikuwa kijana mwenye tai, ameketi pale pale palipokuwa na kitanda cha Baba. Akafungua jalada jipya. "Unamlalamikia nani?"

"Huyu hapa. Nikiwa darasa la tano alipanda cherehani cha Mama, akakifanya lori. Kikaanguka, gurudumu likavunjika, akasema ni mimi. Darasa zima likaenda kutembelea uwanja wa ndege, mimi nikabaki nafua mapazia."

Nilitarajia atatufukuza. Badala yake akauliza mapazia yalikuwa mangapi.

"Manane."

Akaandika manane. "Mlalamikiwa unasemaje?"

"Dada, miaka thelathini na mbili!" Mnyonge akaniambia. "Kesi imeota mvi."

"Mjibu afisa."

"Nilikuwa na miaka sita! Halafu lori lenyewe halikuwa na breki."

"Amekiri," nikasema. "Andika."

"Kuna shahidi?"

Shahidi alikuwa koridoni akimwamuru mlinzi akung'ute zulia la mlangoni. Mama akaingia, akakagua dari, akaketi na mkoba mapajani.

"Bibi, ulijua nani alivunja cherehani?"

"Nilijua siku ile ile. Nyayo za matope zilikuwa juu ya meza ya cherehani, ndogo hivi." Akaonyesha kwa vidole.

Hapo nikasahau kwamba nilikuwa natania. "Ulijua? Na bado nikafua mapazia?"

"Ningefanyaje? Huyu ukimgombeza analia mpaka pumzi zinakatika, wiki nzima hali chakula. Wewe ukiadhibiwa asubuhi, mchana umeshasahau."

"Sijasahau, Mama."

"Naona."

Mnyonge akaanza kuchunguza viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya serikali kama mtu anayetaka kuondoka nayo. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa Mama, na bila hilo sikuwa na mpango wa kutoka mle.

Afisa akapekua mwongozo wake. "Lalamiko limethibitishwa. Ila mlalamikiwa anabadilika, sasa ni Bibi. Na msamaha hautolewi hapa. Ni dirisha la tatu, mwisho wa korido, kushoto."

"Hapo ni jikoni kwangu," Mama akasema.

Nilijua atatuambia upuuzi umetosha. Mama si mtu wa kuomba radhi. Akikukanyaga, anakuuliza mguu wako ulifuata nini pale. Lakini alisimama, akakaza kitambaa cha kichwani. Mnyonge akainuka amshike mkono.

"Kaa chini, wewe," akamwambia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Nikamfuata. Palipokuwa na jiko sasa pana kioo chenye tundu, na mwanamke nyuma yake akigonga mihuri. Mama akachukua namba, akaisogeza mbali na macho ili aisome.

"Kumi na nne. Wamefika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi wako wawili mbele yetu." Akaketi kwenye benchi, akaweka mkoba wake kando kunishikia nafasi. "Usije ukaondoka."

"Siondoki."

Akautoa mkoba, nikakaa.