Chupa Thelathini za Goti la Guntur

Chupa thelathini za dawa ya kugandisha damu zilifika hospitalini Solo, mji wa Java, msaada kutoka ng'ambo, na zote zilikuwa za goti la Guntur. Retno, mkewe, alikuwa amezisubiri miaka minne. Mumewe alizaliwa na damu isiyoganda, nayo ilikuwa imevujia gotini mpaka likaharibika. Kisu kikimgusa bila dawa hiyo, ndiyo kwaheri. Upasuaji wa goti ulipangwa Jumatatu. Jumamosi Guntur akapiga chafya.

Chafya tu, jamani! Lakini Bi Suparti, mama yake Retno, hajawahi kuuacha upepo, ule wazee wanaosema ndio uletao mafua, ukae mwilini mwa mtu. Binti alipokwenda sokoni, akatoa sarafu na mafuta ya moto, akamlaza mkwewe kifudifudi, akamkwangua mgongo mpaka ukawa michirizi myekundu, kisha akamkanda kiuno kwa kiwiko.

Na Guntur? Kimya. Mkwe gani wa Kijava atamwambia mama mkwe wake amwache?

Retno alirudi akakuta mgongo mweusi, kiuno kimevimba, mguu haunyooki.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemtoa upepo. Si mlisema asikatwe? Mimi nimemkata wapi?"

Retno akamgeukia mumewe. "Na wewe, huna mdomo?"

"Ningemwambiaje, Retno? Amejisumbua kwa ajili yangu."

Alitaka kumzaba kofi, alitaka kumkumbatia. Akaita gari.

Daktari alisema damu inavujia ndani ya msuli wa kiuno. Asipopata dawa leo na siku zinazofuata, atakufa. Na dawa iliyopo ni ile ile.

"Na goti?"

"Tutaomba tena, dada."

"Miaka mingine minne?"

Daktari akamwita muuguzi.

Muuguzi akafungua chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilimuuma Retno, halafu akajionea haya, maana si ndiyo hiyo inayomwokoa mumewe? Hakujua aombe nini, ziingie haraka au zibaki.

Bi Suparti alisogea kitandani akilia, mikono bado inanuka mafuta. "Miguu yake ni ya baridi, mwanangu. Niisugue? Niambie nifanye nini."

"Usimguse, mama! Usimguse kabisa!"

Guntur akafumbua macho. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

"Mwache mama asugue," akasema. "Wala haiumi."