Pilau ya Wageni wa Kampuni

Kila mara kampuni ilipokuja Likoni kushauriana na wananchi, Mwanatatu alikuwa jikoni. Ndiyo desturi: wageni wakija kwa kheri, wanaume huwakaribisha na wanawake huwapikia. Na kampuni hiyo, iliyokuwa ikijenga ghala upande wa Mtongwe na kuwalisha watu vumbi mwaka mzima, ilipenda kushauriana jamani! Ilikuja na viti vyake, mpiga picha wake, na afisa uhusiano wake, kijana wa bara aitwaye Musyoka, aliyefunga tai katika joto la Februari kama aliyeadhibiwa.

Safari hii walisema watajenga vyoo vya wasichana katika shule ya msingi. Mwanatatu aliposikia, machozi yalimtoka juu ya mchele. Vyoo vya zamani vilikuwa vimetitia kwa mvua, na bintiye, Mwanatabu, wa darasa la nane, kila mapumziko alikimbilia nyumbani kujisitiri, na akishafika harudi tena. Mwalimu alikwisha kuonya kwamba akiendelea hivyo mtihani utamshinda. Mwanatatu mwenyewe aliishia darasa la nne. Hakutaka jingine ila huyu mmoja afike mwisho.

Basi akapika kwa moyo wote. Vyoo vikajengwa, tena vizuri: kuta nyeupe, mabati mekundu, jina la kampuni kwa herufi kubwa kuliko la shule. Mkubwa mmoja akakata utepe, pilau ikaliwa, wageni wakaondoka wakijichokoa meno.

Baada ya wiki mbili Mwanatabu alikuwa angali anakimbilia nyumbani.

"Kwani vyoo vimefungwa?" mama yake akauliza.

"Havikufungwa, mama. Ukichutama umeelekea kibla, kule tunakoswalia, uso kwa uso. Maalim wa madrasa amekataza, ni haramu. Hakuna anayeingia."

Mwanatatu alijitupia leso akaenda moja kwa moja kwa Mwinyihaji, ndugu ya marehemu babake, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa mtaa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Msingi wa vyoo ulipochimbwa, hamkuona umeelekea wapi?"

"Twaliona. Wallahi nilijua papo hapo."

"Sasa mbona hamkunena?"

Mzee alijikuna ndevu. "Tungenenaje, mwanangu? Mtu kaja na zawadi mkononi, umwambie zawadi yako imekaa upande? Nilimwambia yule kijana, Mungu awajaze kheri, lakini mtazame tena. Akaandika."

Akaandika! Mwanatatu hakujua alie au acheke. Adabu gani hii ya kumfukuza mtoto shule?

Akamfuata Musyoka ofisini kwake. Kijana alimkaribisha vizuri, akafungua faili, akamwonyesha picha za wazee wakitikisa vichwa. "Jamii ilishirikishwa, mama. Tazama, wote wanakubali."

"Hao wanakubali pilau yangu," alisema Mwanatatu. "Sisi wenye mabinti ulituuliza lini?"

Musyoka akakohoa. Akasema mradi ulikwisha kufungwa, lakini Alhamisi mhandisi atakuja kwa kikao cha tathmini, na maoni yote yatapokewa.

Alhamisi hiyo hakuna jiko lililowashwa. Mwanatatu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na wanawake wakaja kukaa kwenye mikeka ya mbele kabisa. Wazee wakashukuru, Musyoka akashukuru kushukuriwa. Adhuhuri ikakaribia bila harufu ya bizari.

"Mwanatatu," Mwinyihaji alinong'ona, jasho likimtoka, "wageni hawajala!"

"Leo sikupika, ami. Leo nimekuja kushauriwa."

Akasimama, akayasema yote mbele ya mhandisi, mtu mmoja mnene aitwaye Wafula. Wazee waliinamia viatu vyao, Musyoka akashughulika na tai.

"Lakini hilo ni jambo dogo!" mhandisi akashangaa. "Ni kung'oa zile sakafu na kuzigeuza. Kwa nini hatukuambiwa?"

Mwinyihaji alijikuna ndevu. Mwanatatu akakaa chini.

Sakafu zikageuzwa. Na kampuni, kwa furaha ya kusikiliza wananchi, ikataka utepe ukatwe upya. Safari hii Mwanatatu aliwekewa kiti mbele, kando ya Musyoka. Hotuba zilikuwa katikati alipovuta pumzi, akasikia harufu ya pilau.

Akainuka, akafuata moshi hadi nyuma ya madarasa. Mwanatabu alikuwa ameinamia sufuria, mwiko mkononi, sare ya shule imejaa majivu.

"Babu Mwinyihaji alikuja kunitoa darasani," alisema. "Eti umegoma kupika, na ni aibu wageni kulala njaa."

Vyoo vyeupe vilikuwa pale pale, hatua chache tu. Mwanatatu akauchukua mwiko.

"Nenda kasome."

Akarudi uwanjani, akapita mbele ya mhandisi na mbele ya mpiga picha, mwiko ukidondosha mafuta njia nzima, akauweka mkononi mwa Mwinyihaji.

"Isiungue, ami," akasema, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake.