Dirisha la Jengo la Nyuma

"Haya ninayokwambia ni kweli tupu, dada," Dod Petrie aliapa, wakiwa bado chini ya ngazi. "Sijatia chumvi hata chembe. Nikisema uongo, jengo hili lituangukie sote."

"Sote? Mimi nimekosa nini?" Dada yake Netta alimshika mkono vizuri. "Wewe na ukweli mlipeana talaka zamani. Si wewe uliyemvua nyangumi kwenye mto Tay kwa mwavuli?"

"Alikuwa nyangumi mdogo."

Wakaanza kupanda. Macho ya Netta yalikuwa yakizimika, na madaktari wa mji wa Dundee walikwisha kunyoosha mikono. Kabla giza halijafunga kabisa alitaka jambo moja tu: aweke mkono kwenye dirisha la chumba alichozaliwa mama yao, Bella. Dod alijitwika kazi ya kukitafuta, akashinda kwenye nyumba ya kuhifadhi nyaraka za kale majira yote ya baridi.

Alikipata, akajuta kukipata. Karani wa sensa ya mwaka 1911 alikuwa ameandika: kichochoro cha Tannock, namba 14, jengo la nyuma, watu tisa, chumba kimoja chenye dirisha. Dod aliposoma "jengo la nyuma" aliona kijumba chenye bustani, na jioni hiyohiyo akampigia Netta kumsimulia mpaka viazi vilivyolimwa humo. Kesho yake mama mmoja anayefanya kazi kwenye nyaraka akamfungua macho. Zamani wenye nyumba waliona uwanja wa kuanikia nguo umekaa bure, wakapandisha humo jengo la pili, mgongoni kabisa mwa la kwanza. La mbele lipo hadi leo. La nyuma lilivunjwa kabla Dod hajazaliwa.

Angemwambiaje? Kila aliponyanyua simu, aliishia kuzungumzia mvua. Mwisho akamleta kwenye lililosimama.

Ghorofa ya tatu walipokewa na Struan, kijana mpangaji, amevaa soksi tu. "Karibuni, karibuni. Nimeshamwambia mama yangu kuna mtu alizaliwa jikoni kwangu. Amefurahi huyo, anataka kuja kupaona."

"Siyo kuzaliwa tu, mwanangu," Netta alisema. "Walikula humu, wakalala humu, na wengine wakafia humu."

Dod akamwongoza mpaka dirishani, akamwekea kiganja juu ya ubao wa dirisha. "Hapa ndipo Bella alipokuwa akikaa kutazama mto," alisema, na sauti yake ikawa tamu kama kawaida.

Netta hakuinua mkono. "Pana joto."

"Jua la leo zuri."

"Sikukuuliza wewe. Struan, mwanangu, jua hupiga hapa kila siku?"

"Likitoka tu, mama, ni hapa mpaka alasiri. Paka wangu habanduki."

"Asante. Mungu akubariki."

Wakaaga, wakashuka mpaka chini.

"Dod. Mama alikuwa na matege. Daktari alisema yalitokana na nini?"

Dod alitazama viatu vyake. "Kukosa jua."

"Haya. Nipeleke kwenyewe."

Akampeleka nyuma, kwenye mapipa ya taka na nguzo za kamba za nguo, akamweleza yote. Netta alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Dirisha lilikuwa upande gani?"

"Sijui, dada."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Karani hakuandika."

"Basi nidanganye."

Dod akafungua mdomo. Maisha yake yote maneno yalikuwa yakimjia bila kuitwa. Leo aliyangoja, hayakuja. Akaufunga.

"Na yule kijana ameshamwambia mama yake," Netta alisema. "Panda ukamwambie."

"Ngazi zote zile tena?"

"Umenipandisha mimi kipofu."

Akapanda, ameshika ukuta, anahema. Kwenye kidirisha cha ngazi alisimama akachungulia uani. Netta alikuwa ameinua mkono usawa wa kifua, anapapasa hewa kando ya mapipa, anasogea hatua, anapapasa tena. Dod alitaka kumwita. Amwite amwambie nini?

Akapanda zilizobaki, akagonga. Struan alifungua, birika mkononi, anatabasamu.

"Mmesahau kitu, mzee?"

Dod akavua kofia.